Mgeni wa Mwezi wa Kumi na Moja

Popote ulipo, Songambele, Nkwenda, Mabira, Kaisho hadi Murongo mpakani, na ninyi wa upande wa Karagwe, Kayanga, Omurushaka, Nyaishozi, karibuni sana. Kama uko jikoni unamenya ndizi, sogeza redio karibu. Leo nataka tuongee juu ya watu wanaotuendesha. Wezi tuwaache kwa leo. Mwizi akivunja mlango, asubuhi unajua umeibiwa, unapiga yowe, majirani wanakuja. Huyu wa leo unamfungulia mwenyewe, unamvutia kiti, unampa kahawa ya kutafuna, na akiondoka unamsindikiza mpaka njiani huku ukimshukuru.

Tena huwa tunamtafuta asipokuwepo. Tunawaonya watoto wetu juu ya watu wa mjini wenye simu mbili na maneno ya haraka haraka. Sawa, wapo. Lakini wengi walioumizwa hapa kwetu waliumizwa na mtu anayejua jina la bibi yao na anayejua kibanja chao kinaishia wapi. Kukuendesha kunahitaji kukujua. Mgeni asiyekufahamu anaweza kukupora, basi. Hawezi kukufanya upendekeze mwenyewe kile anachokitaka yeye.

Tuanze na kahawa, maana hapa kwetu ndiko hila hii ilikokomaa. Tuanze na butura.

Hakuna asiyeijua. Unauza kahawa ikiwa bado maua, au ikiwa punje za kijani mtini, kwa mtu anayekupa hela leo na kuja kubeba mzigo msimu ukifika. Viongozi wameikemea majukwaani mwaka hadi mwaka. Mwaka 2018, ilipoamuliwa kahawa yote ipitie vyama vya ushirika, kuanzia AMCOS ya kijijini mpaka chama kikuu, kwetu sisi KDCU, wapo waliodhani butura imekufa. Haikufa. Ilitoka barazani ikaingia jikoni.

Ukiuliza kwa nini haifi, utajibiwa kwa neno moja: umaskini. Mimi jibu hilo silikatai, ila naliona la kivivu. Umaskini unaeleza kwa nini mtu anahitaji laki mbili. Hauelezi kwa nini mtu mwenye akili zake, aliyelea watoto sita na kujenga nyumba ya bati, anakubali bei ambayo angemcheka jirani yake kwa kuikubali. Hapo katikati kuna kazi imefanyika, na ina fundi wake.

Hebu tumfuatilie huyo fundi. Kahawa yetu ya robusta tunaanza kuichuma Mei. Hela ikiingia Julai au Agosti inalipa madeni, inanunua bati, inaoa, inazika. Kufika Novemba mfuko umekauka, maharage bado yako shambani, na Januari inakuja na mambo ya shule. Ada ya shule za msingi na sekondari ya chini ilifutwa, tunashukuru, lakini sare, madaftari na chakula cha shuleni havikufutwa na mtu yeyote. Basi Novemba ndiyo mgeni wetu anapotokea. Na habishi hodi kila nyumba. Amekaa kilabuni, amenunua rubisi, amesikiliza. Anajua nani ana mgonjwa, nani ana kesi ya mpaka, binti wa nani amefaulu na hana godoro la kwenda nalo bweni.

Anaingia kwako jioni. “Tata, poleni na mgonjwa.” Anakaa. Anauliza hali ya mtoto, anatikisa kichwa, anasimulia jinsi naye alivyouguza mwaka juzi. Kahawa haitaji hata kidogo. Akiaga anaacha noti ya elfu kumi mezani, ya sabuni, anasema. Kwangu mimi biashara imefungwa hapo, kwenye hiyo noti. Karatasi mtakayoandikishana baadaye ni kukamilisha utaratibu tu.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu sisi watu wa huku tumelelewa kurudisha fadhila. Mtu akikujulia hali kwenye ugonjwa, humsahau. Ni tabia njema, na ndiyo anayoishika kama mpini. Anachokitumia juu yako ni wema wako. Wenye roho ngumu, wasioona haya kula cha mtu na kumnyima, hawaendeshwi kirahisi. Nimewahi kusikia watu wakisema waliotapeliwa ni wenye tamaa. Wengine, ndiyo. Wengi nionavyo mimi ni watu wenye haya.

Siku nne baadaye anarudi. Sasa anasema. “Waitu, usihangaike wakati mimi nipo. Laki mbili hizi hapa. Msimu ukifika utanipa kahawa kidogo, tutaelewana.” Umesikia? Kahawa kidogo. Kipimo hakijatajwa. Kipimo kitatajwa hela ikiwa tayari mkononi mwako, na ni nani mwenye moyo wa kurudisha laki mbili mtoto akiwa amelala wodini? Ndipo anatoa daftari: kilo mia tatu za maganda.

Tupige hesabu, na hii ni ya mfano tu, bei hupanda na kushuka. Tuseme Juni kilo ya maganda inauzwa mnadani shilingi elfu tatu. Kilo mia tatu ni laki tisa. Umekopa laki mbili, umelipa laki tisa, ndani ya miezi saba. Laki saba yote ni faida yake. Ungeambiwa hivyo Novemba, kwamba nakukopesha mbili unirudishie tisa, ungemfukuza na fimbo. Kwa hiyo huambiwi hivyo. Hela inahesabiwa kwa shilingi ikitoka kwake, na kwa kilo ikirudi, ili vipimo hivyo viwili visikutane kichwani mwako mpaka umeshatia dole gumba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kati ya ile noti ya sabuni na lile daftari, atasema sentensi mbili. Maneno yatabadilika lakini sentensi ni zile zile. Ya kwanza: “Haya tuyaache kati yetu wanaume, akina mama tusiwasumbue na hesabu.” Ya pili: “Kuna mtu mwingine anaitaka hela hii leo hii, ila nimekuwazia wewe kwanza.” Ya kwanza inamwondoa shahidi. Ya pili inaiondoa kesho. Mtu asiye na shahidi na asiye na kesho anaweza kukubali lolote.

Kwa hiyo ukiniuliza namtambuaje mtu anayeniendesha, sitakuambia umtazame machoni. Macho hayasemi kitu, wapo wanaolia machozi ya kweli wakikudanganya. Wala usipime uzuri wa maneno yake. Mwambie sentensi moja fupi: “Nimesikia, ngoja nilale nayo, kesho nitaongea na mama watoto.” Kisha nyamaza, umsikilize yeye. Mtu mwenye nia njema atasema sawa, kesho nitapita. Labda atanung'unika kidogo, ni binadamu. Lakini yule mwingine atabadilika mbele yako. Ataumia. Atauliza, kwani huniamini? Atakukumbusha noti ya sabuni. Atacheka na kuuliza siku hizi nani ndiye mwenye nyumba humu. Hajajibu hata neno juu ya kesho; ameanza kujadili wewe ni mtu wa namna gani. Hapo umeshampata.

Niseme la haki pia. Si kila aliyetoa hela ya butura alikusudia kunyonya. Wapo waliompeleka mtu hospitali usiku wakati hakuna mwingine aliyenyanyuka. Na ushirika nao ujitazame. Pale vyama vilipochukua kahawa ya mkulima na kumlipa baada ya miezi, vilikuwa vinamwandalia huyu fundi soko lake. Mnunuzi wa butura alikuwa na sifa moja ambayo ofisi haikuwa nayo: alikuja na hela mkononi. Vivyo hivyo na wale waliovusha kahawa usiku kwenda Uganda. Tuliwaita wahujumu, lakini ng'ambo ya mpaka walikuwa wanalipwa siku hiyo hiyo. Njia halali ikiwa na foleni ndefu, njia ya panya hupata wateja.

Sasa tutoke kahawani, tuone hila hiyo hiyo ikiwa imevaa nguo nyingine.

Wenye umri wangu mnaikumbuka DECI. Ilikuwa inakusanya hela za watu nchi nzima, na haikuziita uwekezaji, iliziita mbegu. Unapanda, unavuna. Miongoni mwa waliokuwa wakiiongoza walikuwamo wachungaji. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Ilikuwa ni upatu wa kawaida: aliyetangulia analipwa kwa hela ya aliyemfuata, mpaka wafuatao waishe. Lakini watu hawakuingia kwa sababu walielewa hesabu yake. Waliingia kwa sababu aliyewaalika alikuwa mwenzao wa kwaya, na alikuwa kweli amevuna. Hakuwa anadanganya! Naomba mlishike hilo. Mara nyingi anayekuvuta naye amevutwa, na imani yake ya kweli ndiyo chambo.

Tulijifunza? Februari 2025 polisi walikuwa wanakamata watu mikoani kwa ajili ya LBL, ambayo watu waliweka hela kwa ahadi ya kulipwa kila siku kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Miaka kumi na sita baada ya DECI. Mbegu imekuwa filamu, kwaya imekuwa kundi la WhatsApp.

Ujumbe wa simu nitaupitia haraka, maana mmeusikia sana. Ile hela itume kwenye namba hii. Au anapiga mtu anayejifanya mwalimu, mwanao ameanguka bwenini, tuma hela ya gari sasa hivi. Ni ile sentensi ya pili ya mgeni wetu, ile ya kuiondoa kesho, ila hapa imebanwa ikatosha ndani ya dakika mbili. Dawa yake ni ile ile: kata simu, piga namba ya shule unayoijua wewe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na ukibonyeza *106# utaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zipo nyumba zilizokuta namba wasizozijua.

Mikopo ya simu yenyewe inatumia kitu kingine, aibu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na leseni. Mchezo wa programu nyingi za aina hii ni kwamba unapozipakua zinachukua majina yote yaliyo kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, shemeji yako anapigiwa, mwajiri wako anapigiwa, mchungaji anapigiwa. Watu walikopa kwingine ili kulipa, si kwa sababu deni ni kubwa, ila ili simu ziache kulia kwa wakwe. Kinga yao pekee ingekuwa kumwambia mkwe mapema: nimekopa, wakikupigia usihangaike. Aibu ikishatajwa na mwenyewe, anayeitumia anabaki mikono mitupu.

Basi tuje nyumbani. Huku ndiko mnakonilalamikia zaidi kwenye simu zenu, na huku hakuna namba ya 15040.

Kuna kaka mkubwa aliyekulipia sekondari. Tangu siku hiyo kila mwaka kuna jambo: sahihi, hela, kipande cha kibanja cha baba kitumike kwanza, tutagawana baadaye. Ukiuliza baadaye ni lini, unaambiwa, “Baada ya yote niliyokufanyia?” Fadhila ilikuwa ya kweli. Ulisomeshwa kweli. Ndiyo maana inauma. Lakini fadhila isiyo na mwisho wa kulipwa haina tofauti na lile daftari la mgeni wa Novemba: umepokea kwa shilingi, unalipa kwa kilo, na mizani anayo yeye peke yake. Unaweza kusema, “Kaka, nashukuru, na sitaacha kushukuru mpaka naingia kaburini. Kibanja tukiongelee Jumapili, na mama awepo, na baba mdogo awepo.” Umeshukuru, na umerudisha mashahidi. Hujamtukana mtu.

Kuna mume, au mke, maana hili halina jinsia, ambaye kila mkikaa kuongea anakuambia hukusikia vizuri. Sikusema hivyo. Unaota. Wewe siku hizi unasahau sana. Ukiambiwa hivyo miaka mitatu unaanza kuamini. Unaacha kutoa ushauri hata juu ya chumvi. Ninyi mnaopitia hayo, andikeni. Daftari dogo, tarehe, kilichosemwa, kiasi cha hela. Lisiwe la kumwonyesha yeye, atalichana. Ni la kujisomea mwenyewe siku unapoanza kujitilia shaka. Na mtafute mtu mmoja, shangazi, mama mchungaji, mwenzako wa kikoba, umweleze mara kwa mara. Ukiona mwenzi wako kwanza anagombana na huyo mtu, kisha na dada yako, kisha anakuambia majirani wote wabaya, jua kuna ukuta unajengwa.

Kumbukeni pia, posa kwetu haiendi mtu mmoja. Mpaka wa kibanja hautazamwi na wawili peke yao. Wazee wetu hawakuweka watu wengi kwenye mambo hayo kwa sababu walipenda kelele.

Sheria nayo inalijua hili kuliko tunavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 16, inazungumzia ushawishi usiofaa: mtu aliye na uwezo wa kuitawala nia ya mwenzake akautumia kujipatia faida isiyo ya haki. Inawataja hata watu ambao akili zao zimedhoofishwa, iwe kwa muda tu, na uzee, ugonjwa au mateso. Mtu anayeuguza mtoto usiku wa tatu bila kulala, anakaa mbali na maneno hayo? Na pale makubaliano yenyewe yanapoonekana ya dhuluma waziwazi, ni huyo mwenye nguvu anayepaswa kuthibitisha kwamba hakukushurutisha kwa nguvu hiyo. Mkataba wa namna hiyo aliyeonewa anaweza kuomba utenguliwe. Nyumba ya ndoa nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo anayekuambia usimsumbue mama na hesabu, katika jambo la nyumba, anakuomba uvunje sheria.

Nimeulizwa na msikilizaji wa Songambele, na ninamjibu kabla sijaaga: yeye ameshaweka dole, Novemba iliyopita, afanyeje? Kwanza, mama watoto aambiwe usiku huu, hata kama atakasirika, na atakasirika. Pili, usitoroshe kahawa wala usimkimbie mtu. Utageuka wewe mwenye kosa. Iandike laki mbili uliyopokea, tarehe, na ile elfu kumi ya sabuni pia uiandike. Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na mtu wa pili, na karani wa AMCOS mmweleze kabla mizani haijafunguliwa Mei. Mwite huyo bwana mbele yao, umwambie uko tayari kurudisha hela yake kwa shilingi, pamoja na nyongeza ya haki mtakayokubaliana hapo mezani. Akikataa kuja kukaa na watu, omba kukataa kwake nako kuandikwe, kisha mtafute msaidizi wa kisheria wa kata yako, uende na karatasi hizo zote mbili mkononi.